Mwongozo Kamili kwa Kadeti wa Jeshi la Anga: Ya Kujua na ya Kushika Kabla ya Kamisheni

Kazi ikiisha kwenye ndege, fundi hurudisha zana zake ubaoni. Kila zana imechorewa umbo lake: spana namba 10 ina kivuli chake, bisibisi ina chake, koleo lina chake. Umbo moja likibaki tupu, ndege haiondoki, hata kama rubani ameshafunga mikanda na kamanda anaangalia saa. Spana iliyosahaulika ndani ya bawa inaweza kuteleza taratibu mpaka kwenye vyuma vinavyoendesha usukani, ikabana hapo, na mtu aliye futi 20,000 juu akavuta usukani usisogee.

Aliyeipoteza ana dakika chache za kuamua aseme au anyamaze. Maadili ya jeshi la anga yanaanzia hapo, na ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi maarifa na maadili. Kila somo unalofundishwa chuoni, kuanzia kupiga pasi hadi kusoma ramani, lina sehemu ambapo kosa dogo linaweza kufichwa. Afisa hujulikana kwenye sehemu hizo. Tumeyapanga mambo kwa namna yanavyomfikia kadeti. Kanuni za jeshi lako zikitofautiana na maelezo haya, fuata za jeshi lako.

Uadilifu: sema kabla hujaulizwa

Jeshi la Anga la Marekani lina maadili matatu: uadilifu kwanza, utumishi kabla ya nafsi, na ubora katika kila kazi. Jeshi la Anga la Uingereza linataja manne: heshima, uadilifu, utumishi na ubora. Majeshi mengine hupanga kwa namna yao, lakini uadilifu hukosekana mara chache sana. Sababu yake ni ya kazi kabisa. Rubani hawezi kufungua injini na kukagua kila nati kabla ya kuruka. Anachokiona ni saini kwenye kitabu cha ndege. Saini hiyo inamwambia: nimeangalia kwa macho yangu, na iko sawa.

Kosa linaloharibu watu wazuri ni kusaini kwa mazoea. Jana mafuta yalikuwa sawa, juzi yalikuwa sawa, leo kuna mvua na foleni ya kazi, basi anaandika "nimekagua". Kadeti huanza ugonjwa huu na vitu vidogo: orodha ya bweni, hesabu ya magazini (vikasha vya risasi) ghalani, zamu ya usiku aliyopitisha akiwa ameketi. Ukijizoeza kusaini usichokiona ghalani, utasaini usichokiona kwenye ndege.

Ukikosea au ukipoteza kitu, fuata mpangilio huu:

1. Simamisha kazi, na uwazuie waliopo wasiondoke.
2. Toa taarifa kwa mkuu wako wa karibu mara moja. Taja kitu gani, kilionekana wapi na lini mara ya mwisho, na umefanya nini hadi sasa. Mfano: "Afande, spana namba 10 ya kisanduku cha nne haipo. Niliitumia saa 1420 kwenye gurudumu la kushoto. Kazi imesimama, na hakuna aliyeondoka."
3. Tenga unachokijua na unachokidhani. "Niliiona" na "nadhani niliirudisha" ni taarifa mbili tofauti, na msako utaelekezwa kwa kutegemea ulichosema.
4. Kikishapatikana, andika. Kikiwa hakijapatikana, ndege inabaki chini mpaka mwenye mamlaka aamue vingine kwa maandishi.

Wengi hukosea kwenye hatua ya pili. Kadeti huamua kutafuta peke yake kwanza, akitumaini kuipata kabla mtu hajajua. Nusu saa inapita, zamu inabadilika, gari la zana linaondoka, ndege inasogezwa, na eneo la kutafuta linakuwa kubwa mara kumi. Taarifa ya mapema inaokoa muda hata kama itakuletea adhabu.

Vyeo, saluti na sauti ya mdogo

Jifunze vyeo mpaka uvitambue kwa kutupa jicho: Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, kisha majenerali. Mtego upo kwenye majeshi ya anga yanayotumia majina ya desturi ya Uingereza. Huko Flight Lieutenant yuko ngazi ya Kapteni, Squadron Leader ngazi ya Meja, Wing Commander ngazi ya Luteni Kanali, na Group Captain ngazi ya Kanali. Kadeti anayesikia "Captain" na kudhani ni Kapteni wa nchi kavu atamshusha mgeni ngazi tatu. Hali ni hiyohiyo kwa Captain wa jeshi la maji, ambaye naye analingana na Kanali.

Saluti hupewa kamisheni, yaani mamlaka ya uafisa, si mtu. Sajini mwenye miaka 15 kazini atakupigia saluti siku utakayovaa nyota ya kwanza, na siku hiyohiyo atajua kuhusu askari, mashine na kambi mambo usiyoyajua hata robo. Irudishe saluti yake sawasawa, mwite kwa cheo chake, na umuulize mambo mbele ya askari bila kuona haya. Luteni Usu anayejifanya anajua hugunduliwa ndani ya wiki. Katika viwanja vingi saluti haipigwi kwenye maegesho ya ndege, na kofia haivaliwi, kwa sababu kofia huvutwa na injini na macho yanatakiwa yawe kwenye hatari.

Utii una upande wa pili ambao kadeti husahau: mdogo anadaiwa kusema. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Boeing 747 ya KLM ilianza kuruka ndani ya ukungu bila kibali, wakati Boeing 747 ya Pan Am ilikuwa bado juu ya njia ileile. Watu 583 walikufa. Ndani ya chumba cha marubani cha KLM, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine haijatoka njiani. Kapteni, mtu mwenye uzoefu na jina kubwa, alijibu kwa uhakika, na swali likaishia hapo.

Kwa hiyo jizoeze kusema kwa namna ambayo mkubwa hawezi kuipita. Mwite kwa cheo, taja hatari, taja cha kufanya: "Meja, njia haijawa wazi, tusimame." Usifiche onyo ndani ya swali la upole kama "Afande, huoni pengine…?" Asiposikia, rudia kwa sauti kubwa zaidi na kwa maneno yaleyale. Kama uhai uko hatarini na una uwezo wa kusimamisha kazi, isimamishe. Heshima kwa mkubwa iko kwenye cheo ulichomwitia na sauti uliyoitumia, na ukweli unabaki ulivyo.

Mwili, sare na kwata

Hapa tutapita haraka, maana wakufunzi watakupa muda wa kutosha kuliko utakavyo. Mwendo wa haraka ni takriban hatua 120 kwa dakika, kila hatua karibu sentimita 75. Kwata inafundisha kusikia amri ya onyo, kusubiri, na kutenda kwenye amri ya utendaji. Kwenye "nyuma, geuka", anayegeuka akisikia "nyuma" amejibu swali ambalo halijaulizwa. Tabia hiyohiyo kwenye redio inaua, kama ilivyokuwa Tenerife.

Sare ipigwe pasi usiku, na buti ziwe kavu kabla ya kupakwa rangi. Malengelenge ya miguu hutokana na unyevu, joto na msuguano vikikutana. Vaa buti mpya saa mbili tatu kwa siku kwa wiki kadhaa kabla ya mwendo mrefu, beba soksi kavu za kubadilisha, na simama kufunika sehemu inayochoma pale inapoanza kuchoma. Askari anayevumilia kilomita nane kimya hubebwa kilomita ya tisa. Ukiwa kiongozi, kagua miguu ya watu wako mwenyewe, kwa macho, kila mapumziko marefu. Wengi watasema "niko sawa, afande".

Silaha: mpangilio usiobadilika

Kanuni nne zinatangulia yote. Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu usipokusudia kupiga. Kidole kiwe nje ya kifyatulio mpaka macho yako yawe kwenye shabaha. Jua shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini.

Kuondoa risasi kwenye bunduki ya magazini, kwa ujumla, kunakwenda hivi:

1. Mtutu upande salama, kidole nje.
2. Weka usalama, kama aina ya silaha yako inaruhusu katika hali iliyopo.
3. Toa magazini. Hii ni kabla ya kukoki, yaani kuvuta bolti nyuma.
4. Koki, risasi iliyomo chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) itoke.
5. Zuia bolti nyuma. Tazama ndani ya chemba na ndani ya nafasi ya magazini. Gizani, ingiza kidole uguse.
6. Mwonyeshe mtu wa pili, naye atazame kwelikweli na aseme "tupu".

Ajali nyingi za kusafisha silaha zinaingia kwenye mlango mmoja: mtu anakoki kwanza, kisha anatoa magazini. Alipokoki alitoa risasi moja na kuingiza nyingine. Anaona risasi imeruka chini, anaona magazini mkononi, anaamini silaha ni tupu, na chemba ina risasi. Ndiyo maana hatua ya tano haifutwi na hatua ya nne. Na huyo wa pili anayesema "tupu" bila kutazama ametia saini ya uongo kwa mdomo.

Ramani na dira

Mtu wa jeshi la anga anaweza kuzoea skrini mpaka akasahau karatasi. Setilaiti huzibwa mawimbi, betri huisha, na rubani aliyeruka kwa mwavuli hutua na alichonacho mfukoni tu.

Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kutoa eneo kwa tarakimu sita, anza na mistari ya wima, ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mistari ya mlalo, kutoka chini kwenda juu. Daraja lako liko baada ya mstari wa wima 34, karibu sehemu sita za kumi kuelekea 35. Hiyo ni 346. Liko juu ya mstari wa mlalo 72, sehemu tatu za kumi. Hiyo ni 723. Unasoma 346723, na umetaja mraba wenye upande wa mita 100. Ukigeuza na kusema 723346 umempeleka msikilizaji karibu kilomita 53 kutoka hapo. Kama ulikuwa unaita helikopta ya majeruhi, basi majeruhi huyo anaisubiri helikopta iliyokwenda kwingine.

Kosa la dira huanza dogo. Nyuzi 1 ni karibu mita 17 kwa kila kilomita. Nyuzi 5 kwa kilomita 3 ni karibu mita 260, umbali wa kutosha kukosa njia panda nzima usiku. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni chuma au umeme karibu na dira: bunduki kifuani, redio, simu, gari. Sogea mbali, shika dira sawa, soma mara mbili. Ya pili ni kusahau tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku. Kiasi chake kimeandikwa pembeni mwa ramani pamoja na mwaka wa kupimwa, na kinabadilika kadiri miaka inavyokwenda.

Pima hatua zako. Chukua mita 100 zilizopimwa, zitembee mara tatu ukihesabu mguu wa kushoto tu, kisha tafuta wastani. Wengi hupata kati ya 60 na 70. Rudia ukiwa na begi zito, rudia mlimani, rudia usiku, maana namba inapanda kila mara. Kwa muda wa safari, hesabu kilomita 5 kwa saa, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 4 zenye mpando wa mita 300 ni dakika 48 jumlisha 30, yaani 78. Kundi lililobeba mizigo litachukua zaidi, na kadeti anayemwahidi kamanda muda wa mtu mmoja mwepesi atachelewa kila mara.

Kutoa amri

Amri kamili ina sehemu tano, na mfuatano wake haubadiliki: hali, jukumu, utekelezaji, ugavi, kisha uongozi na mawasiliano. Hali inamtaja adui, wenzetu, ardhi na hewa. Utekelezaji unaeleza nani anafanya nini na lini. Ugavi ni chakula, maji, risasi, mafuta na majeruhi. Ya mwisho inasema kamanda atakuwa wapi, nani atashika akianguka, na masafa gani ya redio yatumike.

Jukumu ni sentensi moja tu, husomwa mara mbili, nayo ina "ili" ndani yake:

"Kikosi cha pili kitalinda upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, kuanzia saa 2200 hadi saa 0600, ili ndege za uokoaji zitue salama."

Neno hilo "ili" ndilo linalobaki mpango ukivunjika. Koplo anayejua ni kwa ajili ya ndege za uokoaji atahamisha watu wake mwenyewe akiona hatari inatokea mashariki. Asiyejua atabaki kaskazini kwa utii kamili huku kazi ikiharibika. Kadeti wengi huandika kurasa za utekelezaji na kuisahau sababu.

Gawa muda vizuri. Kama una saa sita kutoka kupokea amri hadi kuanza kazi, tumia mbili kwa mipango yako na uwaachie walio chini yako nne. Toa amri ya tahadhari mara tu upokeapo yako, hata kama ina mistari mitatu, ili watu waanze kula, kufunga mizigo na kukagua silaha. Mwishoni usiulize "mmeelewa?" Wote wataitikia ndiyo. Uliza: "Koplo, ukifika kwenye kizuizi ukakuta gari la raia, jambo la kwanza unafanya nini?" Jibu lake ndilo litakuonyesha amri uliyoitoa hasa, tofauti na ile uliyodhani umeitoa.

Saa na redio

Anayezungumza Kiswahili ana mtego wake mwenyewe. "Saa mbili usiku" ya nyumbani ni saa 2000 ya kijeshi, na "saa nane mchana" ni 1400. Kadeti aliyechoka huchanganya, akafika saa sita kabla au baada. Katika amri na redio tamka tarakimu nne kila mara, moja moja, na usichanganye mifumo miwili ndani ya mazungumzo mamoja.

Shughuli za anga hutumia saa ya Zulu, saa ileile kwa dunia nzima. Ukiwa eneo lililotangulia kwa saa 3, saa 1400 yako ni 1100 Zulu. Angalia tarehe pia: saa 0130 ya usiku wa tarehe 10 ni 2230 Zulu ya tarehe 9. Agizo lililoandikwa saa sahihi na tarehe isiyo sahihi limekosewa kwa siku nzima.

Herufi hutamkwa kwa alfabeti ya kimataifa iliyoanza kutumika 1956: Alfa, Bravo, Charlie, Delta na kuendelea hadi Zulu. Kabla ya kubonyeza, jua utakachosema. Bonyeza, subiri kidogo, ndipo uongee, la sivyo neno la kwanza hukatwa. Mpokeaji arudie yale ya muhimu: kibali, namba, mwelekeo, masafa. Anayerudia vibaya asahihishwe palepale. Baada ya Tenerife, neno la kuruka lenyewe huachwa hadi kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa "kuondoka".

Kariri namba hizi: dharura ya redio ni 121.5 MHz kwa wote na 243.0 MHz kijeshi. Kwenye transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada kwa namba, 7500 ni utekaji, 7600 redio imekufa, 7700 dharura.

Anga na nguvu zake

Maili ya baharini ni mita 1,852, na noti moja ni maili hiyo kwa saa. Njia ya kurukia hupewa namba kwa mwelekeo wake wa sumaku uliogawanywa kwa kumi: 09 inaelekea karibu nyuzi 90, na ncha ya pili ni 27. Hewa ya kiwango usawa wa bahari ni nyuzi joto 15 na mgandamizo wa hektopaskali 1013.25, na joto hushuka karibu nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Uwanja ulioko juu siku ya joto kali una hewa nyepesi: bawa linabeba kidogo, injini inatoa nguvu kidogo, na njia inayotosha asubuhi inaweza isitoshe mchana kwa mzigo uleule.

Mwili nao una hesabu yake. Oksijeni ikikatika kwenye futi 25,000, mtu ana takriban dakika 3 hadi 5 za kufikiri sawasawa. Kwenye futi 35,000 ni sekunde 30 hadi 60. Hatari yake kubwa ni kwamba anayeishiwa hewa hujisikia vizuri. Ndiyo maana kinyago huvaliwa kwanza, maswali baadaye.

Kazi za jeshi la anga hukusanywa katika nne: kutawala anga, upelelezi, mashambulizi, na usafirishaji. Ya kwanza inabeba nyingine zote. Uingereza mwaka 1940 ilijilinda kwa rada, waangalizi wa ardhini na vyumba vya operesheni vilivyounganishwa kwa simu, ili ndege zipande pale tu zinapohitajika na zikutane na adui mahali panapofaa. Tarehe 5 Juni 1967, ndege za Israeli ziliangamiza sehemu kubwa ya jeshi la anga la Misri ndani ya saa chache, nyingi zikiwa bado zimeegeshwa. Ndege iliyo chini haina kasi wala kimo, kwa hiyo ulinzi wa kambi, kutawanya ndege na mahandaki yake ni kazi ya afisa yeyote wa anga, hata wa ugavi.

Kwenye maegesho ya ndege

Mlango wa hewa wa injini ya jeti humvuta mtu mzima, na nyuma yake humtupa. Mipaka ya usalama ya kila ndege imeandikwa. Ijue kabla hujakanyaga. Pangaboi linalozunguka halionekani, kwa hiyo lipite kwa mbali kana kwamba linazunguka hata likiwa limesimama. Helikopta ifuate kutoka mbele, mahali rubani anakuona, baada ya ishara yake. Usipitie mkiani, wala usishuke kuelekea kwake kutoka kwenye mteremko, kwa kuwa upande wa juu panga ziko karibu na kichwa.

Kwenye kiti cha kurushia rubani, usiguse mpini wa rangi ya njano na nyeusi, na usipande kabla fundi hajakuonyesha pini za usalama zenye vitambaa vyekundu. Mafuta na grisi visikaribie oksijeni, hata kwenye mikono yako, kwa kuwa grisi ikikutana na oksijeni nyingi huweza kuwaka.

Kila asubuhi watu hupanga mstari bega kwa bega na kutembea njia yote wakiokota: nati, waya, jiwe, kipande cha mpira. Makadeti huiona kama adhabu. Tarehe 25 Julai 2000 Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka kwenye ndege iliyotangulia kuruka Paris. Tairi lilipasuka, vipande vyake vikagonga tangi, mafuta yakawaka. Walikufa 109 waliokuwemo na wanne ardhini. Tembea macho yakiwa chini, tazama kila ufa, na hesabu ulichookota.

Sheria ya vita, na amri isiyotiiwa

Mikataba minne ya Geneva ni ya 12 Agosti 1949, na Itifaki zake mbili za kwanza ni za 8 Juni 1977. Afisa wa anga anahitaji mambo haya akilini kabla ya kazi. Tofautisha wapiganaji na raia, na vitu vya kijeshi na vya kiraia. Usishambulie pale ambapo madhara kwa raia yanatarajiwa kuzidi manufaa ya kijeshi ya moja kwa moja. Hakiki shabaha, chagua silaha na muda vinavyopunguza madhara, na toa onyo pale hali inaporuhusu. Ikibainika kwamba shabaha sivyo ilivyodhaniwa, shambulio lisitishwe, hata dakika ya mwisho.

Kifungu cha 42 cha Itifaki ya Kwanza kinamhusu kila mwana anga. Anayeruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege iliyopata matatizo hashambuliwi akiwa hewani. Akifika chini katika eneo la adui hupewa nafasi ya kujisalimisha, isipokuwa ikionekana anafanya tendo la uhasama. Askari wa miavuli wanaoshuka kupigana hawamo katika ulinzi huo. Ukitekwa wewe, unadaiwa jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi, na hakuna anayeruhusiwa kukutesa ili useme zaidi. Kuhusu ndege za kiraia, baada ya ndege ya Korea kuangushwa 1 Septemba 1983 na watu 269 kufa, Mkataba wa Chicago, unaohusu usafiri wa anga wa kiraia, uliongezewa kifungu mwaka 1984 kinachotaka nchi zijiepushe kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo hewani.

Askari anatii, na ndivyo inavyopaswa. Amri ambayo uharamu wake uko wazi, kama kuua mateka au kupiga hospitali isiyotumika kivita, haimkingi anayeitekeleza. Ikikufikia, usikimbilie kukataa kwa kelele. Omba irudiwe: "Afande, narudia nilivyoelewa," kisha itamke neno kwa neno. Mara nyingi itarekebishwa hapo, maana nyingine huwa ni kutosikilizana. Ikibaki ilivyo, sema wazi kwamba ni kinyume cha sheria na hutaitekeleza, na upendekeze njia halali ya kufikia lengo lilelile. Wazuie walio chini yako wasiitekeleze. Toa taarifa ngazi ya juu na kwa mwanasheria wa jeshi. Siku hiyohiyo andika saa, maneno ya amri kama yalivyotamkwa, waliokuwepo, na ulichojibu.